Wainka walikuwa nani? Tuanzie kwenye chipsi mayai

Mpwa wangu wa darasa la tano alinikuta kwenye kibanda cha chipsi nikisubiri zamu yangu. Hata shikamoo aliitoa nusu, maana alikuwa na swali linamwasha. "Mjomba, eti ni kweli Wainka ni Wahindi Wekundu wa Marekani ya kusini, walijengewa mji kwenye kilele cha mlima na watu wa sayari nyingine, halafu wakapotea wote?"

Alikuwa ametazama video ya dakika tatu kwenye simu ya mama yake. Swali moja, makosa matano. Simlaumu, kwa sababu video hiyohiyo nilikuwa nimeshatumiwa na watu wazima wawili kwenye makundi ya WhatsApp, mmoja wao mwalimu. Nikamwonyesha beseni la viazi vilivyomenywa pale kwa mkaanga chipsi. Nikamwambia tuanze na hivi.

Kiazi hiki sisi tunakiita kiazi mviringo, kiazi ulaya, waru kwa majirani zetu wa Kenya, na mbatata kule visiwani. Jina la "ulaya" linapotosha. Kililetwa huku na Wazungu, ila kwao kilikuwa mgeni kama kwetu. Kwao kiazi ni milima ya Andes, huko Amerika Kusini, ambako watu walianza kukilima zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Nyanya ya kachumbari nayo, mababu zake wa mwituni wanaota upande huohuo wa dunia. Pilipili ni ya Amerika pia. Ongeza muhogo, karanga na nanasi. Kwa hiyo mtoto anayesema hajawahi kusikia habari za Amerika Kusini ameila mara nyingi kuliko anavyojua.

Majina yanayotuchanganya

Kiswahili kimetuwekea mtego mdogo. Marekani ni nchi moja, ile yenye Washington. Amerika ni jina la mabara mawili, la Kaskazini na la Kusini, yaliyoungana kwa kishingo chembamba cha nchi kavu pale Panama. Amerika Kusini ina nchi huru 12: Brazili, Peru, Bolivia, Ekuador, Kolombia, Chile, Ajentina na nyingine. Haimo ndani ya Marekani, kama Afrika Mashariki isivyokuwa ndani ya Ureno kwa sababu Vasco da Gama alipita Malindi.

"Wahindi Wekundu" ni kosa la baharia. Mwaka 1492 Christopher Columbus alivuka Atlantiki akiitafuta njia ya kwenda Asia, akatua kwenye visiwa vya Karibi, akadhani amefika kwenye visiwa vya Mashariki, upande wa India. Aliowakuta akawaita Wahindi, na jina likaganda. Mtoto wa kwetu, mwenye duka la Mhindi mtaani kwake, atachanganyikiwa tu. Waite wenyeji wa asili wa Amerika.

Sasa "Inka" lenyewe. Katika lugha yao, Kikechua, Inka lilikuwa jina la mtawala na la koo tukufu za mji wa Cusco. Mfalme aliitwa Sapa Inka, yaani Inka wa pekee. Wahispania waliofika wakalichukua jina hilo wakawapachika wote. Ni kama mgeni afike Buganda, asikie watu wakimtaja Kabaka, arudi kwao aandike kwamba nchi ile inakaliwa na kabila la Makabaka. Dola yenyewe wenyewe waliiita Tawantinsuyu, maana yake sehemu nne kwa pamoja, na ndani yake mlikuwa na makabila mengi na lugha nyingi. Kwa makadirio mengi ilikuwa na watu wapatao milioni 10. Wainka halisi wa Cusco walikuwa wachache miongoni mwao.

Na kabla hatujaendelea: Wainka si Wamaya, wala si Waazteki. Wamaya ni wa kusini mwa Meksiko na Guatemala, na wao walikuwa na maandishi. Waazteki walikuwa Meksiko ya kati, mji wao mkuu ukaanguka mwaka 1521. Kutoka hapo hadi Cusco ni zaidi ya kilomita 4,500, mbali kuliko Dar es Salaam hadi Cairo. Mtu akikuchanganyia hao watatu kwenye sentensi moja, mpunguzie imani kidogo.

Nchi ya mistari mitatu

Kuielewa dola hii bila kuielewa ardhi yake ni kupoteza muda. Mpe mtoto karatasi achore pwani ya magharibi ya Amerika Kusini, halafu apake mistari mitatu kutoka juu kwenda chini: wa njano kando ya bahari, wa kahawia katikati, wa kijani mashariki.

Wa njano ni jangwa. Jangwa kando ya bahari? Ndiyo. Baharini kunapita mkondo wa maji baridi unaotoka kusini, na juu ya bahari baridi mawingu ya mvua hayajengeki kirahisi. Upande wa pili milima imeziba mawingu yanayotoka Atlantiki. Katika jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, zipo sehemu ambazo miaka kadhaa hupita bila vipimo kuandika tone la mvua. Lakini maji hayohayo baridi yamejaa chakula cha samaki, na hapo ndipo pana samaki wadogo jamii ya dagaa wanaovuliwa kwa wingi ajabu. Baadhi ya miaka, karibu na Krismasi, maji ya moto husogea na kuyafunika yale baridi, na samaki wanaadimika. Wavuvi wa Peru walilipa tukio hilo jina la Mtoto, kwa heshima ya mtoto Yesu. Kwa Kihispania, El Niño. Naam, ndiye yule Elinino aliyetuletea mafuriko ya mwaka 1997 na 1998. Bahari yao ikipata joto, vuli yetu mara nyingi huzidi kipimo.

Mstari wa kijani ni msitu wa Amazon. Mto wake kwa urefu unakaribiana na Nile, ila kwa maji hawalingani hata kidogo: karibu moja ya tano ya maji yote ambayo mito ya dunia inamwaga baharini hutoka kwenye mdomo wa Amazon. Humo ndimo alimo jagwa, paka mkubwa mwenye madoa kama chui wetu lakini mnene zaidi, na anakonda, na kapibara, ambaye ni jamii ya panya ila ana ukubwa wa mbuzi. Mtoto atauliza simba yuko wapi. Hayupo. Wala tembo, wala twiga. Wainka waliufikia msitu huu ukingoni, wakachukua manyoya ya kasuku na bidhaa nyingine, lakini kuutawala ulikuwa mtihani uliowashinda. Watu wa msituni walikuwa na maisha yao wenyewe.

Katikati ndiko kwao. Andes ni safu ya milima yenye urefu wa kilomita kama 7,000, na kilele chake kirefu, Aconcagua huko Ajentina, kina mita 6,961. Kibo ni mita 5,895. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanazikumbuka kambi za Mandara, mita 2,720, na Horombo, mita 3,720, mahali ambapo kichwa huanza kuuma na hamu ya kula hukata. Cusco, mji mkuu wa Wainka, uko kwenye mita 3,400 hivi. Yaani mji mzima, wenye masoko, mahekalu na watoto wanaokimbizana, karibu na Horombo. Na Machu Picchu, ule mji wa kwenye kalenda ambao kila mtu anadhani uko kileleni? Mita 2,430. Uko chini ya Mandara, na chini ya Cusco yenyewe kwa karibu kilomita moja. Umejengwa kwenye mgongo ulio kati ya vilele viwili, ndiyo maana picha inadanganya.

Kuishi kwenye ngazi

Mkazi wa Moshi hahitaji kuelezwa kwamba mlima mmoja una nchi nyingi. Mchaga ana kihamba chenye migomba na kahawa juu, na shamba la mahindi chini tambarare, kwa sababu kinachoota hapa hakioti pale. Watu wa Andes walifanya hivyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Mahindi mabondeni. Juu yake viazi. Juu zaidi, mita 4,000 kwenda mbele, hakuna kinacholimika kwa maana, bali kuna majani makavu ya malisho. Ukoo mmoja ulijitahidi uwe na watu wake kwenye kila ngazi, ili mvua ikigoma juu, bonde lilishe, na bonde likipata ugonjwa wa mazao, juu kulishe.

Miteremko yenyewe waliikata matuta ya ngazi na kuyashikilia kwa kuta za mawe, kwa chini kokoto, juu udongo mzuri, maji yakipita taratibu bila kuondoka na shamba. Mkulima wa Machakos anayejua matuta ya fanya juu ataielewa kazi hiyo kwa kuitazama mara moja. Na tusidhani ufundi huu ulikuwa wao tu. Kule Engaruka, chini ya nyanda za Ngorongoro, kuna mabaki ya mashamba ya mawe na mifereji ya umwagiliaji yaliyokuwa yakitumika karne hizohizo za Wainka.

Kinachonivutia mimi kuliko dhahabu yao yote ni walivyokausha kiazi. Mwezi Juni, usiku kule juu ni baridi ya kugandisha. Mwenyeji wa Kitulo au Makete anajua umande unavyokuwa mweupe alfajiri. Familia inamwaga viazi vidogo kwenye majani, inaviacha vilale nje. Usiku vinaganda viwe kama mawe. Mchana jua linaviyeyusha, vinalainika na kutoa maji. Kisha watu wanavikanyaga kwa miguu mitupu, maji yanachuruzika, maganda yanatoka. Usiku mwingine, jua jingine, na kukanyaga tena. Baada ya siku kadhaa kinabaki kitu chepesi, cheusi, kigumu, kinachoitwa chunyo. Kinakaa ghalani miaka bila kuoza. Ukikitaka, unakilowesha na kukipika kwenye mchuzi. Wasukuma wenye michembe na matobolwa ya viazi vitamu wanaijua akili hiyo, ila wao wanategemea jua pekee. Wa Andes walilitumia jua na baridi kwa zamu. Dola ilijaza chakula cha namna hiyo kwenye maelfu ya maghala kando ya barabara, na jeshi likitembea lilikuta limeshapikiwa nusu.

Nyama ilitoka kwa simbilisi, wanyama wale wadogo ambao siku hizi wanafugwa hata kwetu Nyanda za Juu Kusini. Nao wametoka huko. Mzigo ulibebwa na lama. Huyu ni binamu wa ngamia asiye na nundu. Ukoo wa ngamia ulianzia Amerika Kaskazini: wengine wakavuka kwenda Asia wakati nchi kavu imeungana, ndio asili ya ngamia wa Marsabit, na wengine wakashuka kusini wakawa lama, alpaka mwenye sufu, na vikunya wa porini mwenye sufu laini kupita wote. Lama hubeba kilo 25 au 30 tu. Ukimzidishia analala chini, na ukimbughudhi anakutemea mate. Mtu mzima hampandi.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini hawakutumia gurudumu, jambo ambalo watu hulitaja kama ushahidi wa ujinga. Hawakuwa na farasi, punda wala maksai wa kuvuta mkokoteni, na barabara zao zilikuwa na ngazi za mawe zinazopanda milima. Nenda mji wa kale wa Lamu leo, kwenye vichochoro vile, uone punda anavyompita mwenye gari. Barabara hizo zilifika kilomita zaidi ya 30,000. Wakimbiaji waliokaa kwenye vituo vya karibukaribu walipokezana ujumbe kama mbio za vijiti, mmoja anachoka mwingine anapokea.

Ujumbe bila barua

Wainka hawakuwa na maandishi kama tunavyoyajua. Walikuwa na kipu, neno lenye maana ya fundo: kamba moja nene ya mlalo, na nyuzi nyingi zinazoning'inia, za rangi mbalimbali. Hebu mjaribu nyumbani kwa uzi wa mkonge. Unataka kuandika lama 243. Kwenye uzi unaoning'inia, karibu na kamba kuu, piga mafundo mawili ya kawaida; hayo ni mamia. Acha nafasi, piga manne, makumi. Acha nafasi, chini kabisa piga fundo moja refu, uzi ukizungushwa mara tatu kabla ya kukazwa, mamoja. Na 203? Sehemu ya makumi iache tupu. Fundo refu linakuambia nambari imeishia hapa, kwa hiyo nambari mbili kwenye uzi mmoja hazichanganyikani. Mpwa wangu alilikamata hilo kwa dakika kumi, na akagundua mwenyewe tatizo la moja: uzi ukizungushwa mara moja tu, unafanana na fundo la kawaida. Wenyewe walilitatua kwa kutumia fundo la aina ya tatu, lenye umbo la nane.

Kwa mafundo hayo watunza hesabu, mfano wa mweka hazina wa kikoba asiye na daftari, walijua kijiji fulani kina watu wangapi na kinadaiwa siku ngapi za kazi. Kinadaiwa kazi, kwa sababu sarafu hazikuwepo. Kodi ilikuwa nguvu za mwili: kujenga barabara, kulima mashamba ya dola, kwenda vitani. Ukifikiria msaragambo umekaribia, ila msaragambo wa kulazimishwa na mfalme, ambaye kwa upande wake alipaswa kuwalisha watu na kuwanywesha pombe ya mahindi wakiwa kazini. Tusiwapambe mno. Dola hiyo ilihamisha vijiji vizima kwa amri, ikawapeleka waasi mbali na kwao. Walioshindwa vitani hawakuipenda, na jambo hilo lilikuja kuwagharimu Wainka.

Watu 168?

Dola kubwa ilijengwa haraka sana. Ilianza kupanuka chini ya Pachacuti, karibu mwaka 1438, na mwanawe na mjukuu wake wakaifikisha kutoka kusini mwa Kolombia ya leo hadi Chile ya kati, zaidi ya kilomita 4,000. Wareno walipoishambulia Kilwa mwaka 1505, mjukuu huyo, Huayna Capac, alikuwa kwenye kiti na hajui kama Ulaya ipo.

Tarehe 16 Novemba 1532, Francisco Pizarro na Wahispania 168 walimkamata Sapa Inka Atahualpa katika mji wa Cajamarca. Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya watu waseme Wainka walikuwa waoga, au waliwadhania Wahispania miungu. Tazama kilichotangulia. Ndui, ugonjwa uliovuka bahari na Wazungu, ulikuwa umeshaenea barani kabla Pizarro hajafika, na huenda ndio uliomuua Huayna Capac. Wanawe wawili, Huáscar na Atahualpa, wakapigania kiti katika vita vilivyoigawa nchi, na Atahualpa alikuwa ametoka tu kushinda. Kisha wakaja wageni wenye farasi na panga za chuma, wakamteka kwa hila. Na walipoanza kusonga mbele, makabila yaliyochoshwa na Cusco yakajiunga nao kwa maelfu. Wahispania 168 walikuwa ncha tu. Mpini walishika wenyeji. Atahualpa alijaza chumba kimoja dhahabu na kukijaza mara mbili fedha ili aachiwe. Walichukua mali, mwaka 1533 wakamuua. Ndugu zake waliendelea kupigana kutoka milima ya Vilcabamba hadi mwaka 1572.

Kuhusu watu wa sayari nyingine, nitakuwa mfupi kwa sababu hadithi hii inaniudhi. Ngome ya Sacsayhuamán, juu ya Cusco, ina mawe yenye uzito wa zaidi ya tani 100, yamepangwa bila saruji na wembe haupenyi. Lakini machimbo yanajulikana, nyundo za mawe zimepatikana, na kule Ollantaytambo yapo mawe makubwa yaliyoachwa njiani bila kufika, ambayo wenyeji huyaita mawe yaliyochoka. Watu wa angani wangechokea njiani? Tulishasikia wimbo huu kwetu: wakoloni waliiona Zimbabwe Kuu wakasema haiwezi kuwa kazi ya Waafrika. Machu Picchu nayo haikuwa imepotea. Hiram Bingham alipofika mwaka 1911 alikuta familia za wakulima zikilima kwenye matuta yaleyale.

Wala watu hawakupotea. Kikechua kinazungumzwa leo na mamilioni ya watu, Peru, Bolivia, Ekuador na kwingineko, na ni lugha rasmi Peru na Bolivia. Kwenye korongo la mto Apurímac, kusini mwa Cusco, kuna daraja la Q'eswachaka, la majani matupu, urefu wa mita kama 28. Kila Juni watu wa vijiji jirani huja na mafungu ya majani ya mlimani. Wanawake wanasokota nyuzi nyembamba, wanaume wanazisuka ziwe kamba nene kama paja. Daraja la zamani hukatwa likaanguka mtoni, na jipya huanza kufungwa kutoka ng'ambo zote mbili, wafumaji wakiwa wameketi juu ya kamba, miguu inaning'inia juu ya maji. Wakati wa korona halikutengenezwa, na Machi 2021 likakatika lenyewe. Juni mwaka huohuo wakalisuka upya.

Chipsi zilikuwa zimeshapoa. Mpwa wangu alizila zote.